Karoti katika Udongo Mzito: Mambo ya Kujua kabla ya Kununua Mbegu na Mbolea

Mwenye bustani aliyewahi kupanda karoti katika udongo wa mfinyanzi anaijua hasara hii. Majani humea vizuri, ya kijani kibichi, na kwa miezi mitatu humpa matumaini kila apitapo asubuhi. Siku ya kung'oa ndipo hutoka ardhini karoti zenye miguu miwili au mitatu, zilizojipinda, fupi kama kidole gumba. Nyingine hukatika na kubakia humo humo. Kwa kuwa mbegu ndiyo iliyonunuliwa kwa fedha taslimu, mbegu ndiyo hulaumiwa kwanza, kisha muuza duka, kisha mbolea. Udongo, ambao haukununuliwa, hauulizwi neno.

Somo hili linamhusu mlaji anayelima tuta moja au mawili nyuma ya nyumba, si mkulima wa ekari. Linaeleza fedha ya bustani ya karoti itumike wapi, isitumike wapi, na ni kasoro zipi ambazo mnunuzi ana haki ya kuzirudisha dukani.

Mzizi uamuao mapema

Karoti tunayoila ni mzizi mkuu wa mmea. Mbegu inapoota, mzizi huo hushuka moja kwa moja ukiwa mwembamba kama uzi, na hufanya hivyo katika wiki chache za mwanzo, wakati juu ya ardhi kuna vijani viwili vitatu tu visivyovutia macho. Unene huja baadaye. Kwa hiyo urefu na umbo la karoti huwa vimekwisha kuamuliwa kabla mwenye bustani hajaanza kuiona kuwa ni karoti. Ncha ya uzi huo ikigonga kokoto, donge la udongo mkavu, kipande cha samadi mbichi au tabaka gumu lililoshindiliwa na miguu ya watu, hufa au hupinda. Mizizi ya pembeni hushika nafasi yake, na kila mmoja hunenepa kivyake. Hapo ndipo inapozaliwa karoti ya miguu miwili.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mfuko wa mnunuzi. Mbolea ya kukuzia inayonunuliwa mwezi wa pili haiwezi kunyoosha mzizi uliopinda wiki ya tatu. Kinyume chake, naitrojeni nyingi hujaza majani na kuuacha mzizi ukiwa dhaifu. Fedha yenye faida ni ile inayotumika kabla ya kupanda, katika sentimita 25 za juu za ardhi.

Kuupima udongo bila kulipa

Si kila udongo mgumu una ugumu wa namna moja. Wasukuma wana majina yanayotenganisha vizuri mambo haya: luseni ni udongo wa kichanga, ibambasi ni ule wenye tabaka gumu lisilopenyeka, na mbuga ni mfinyanzi mweusi wa mabondeni. Udongo mweusi wa aina hiyo unapatikana pia Kenya, katika nyanda za Athi na mashamba ya mpunga ya Mwea. Hufura unaponyweshwa na kupasuka nyufa unapokauka, nao ndio ulio mgumu kuliko yote kwa karoti. Katika sehemu za maweni za Zanzibar tatizo ni jingine kabisa: udongo ni mwembamba na chini yake kuna jiwe la matumbawe. Huko hakuna jembe litakalosaidia, na mwenye bustani aruke moja kwa moja hadi sehemu ya ndoo na magunia hapa chini.

Kipimo cha kwanza ni chupa. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyo angavu, ijaze udongo uliochekechwa hadi theluthi moja, ongeza maji hadi karibu na shingo, tikisa kwa nguvu dakika chache, kisha iweke mahali ambapo haitaguswa. Mchanga hutua chini katika muda wa dakika moja au mbili. Vumbi laini hutua juu yake baada ya saa kadhaa. Mfinyanzi hubakia ukielea na kuyachafua maji siku nzima au zaidi. Maji yakiwa bado mazito kesho yake, na tabaka la juu likawa nene kuliko la mchanga, mwenye bustani ana udongo mzito.

Kipimo cha pili ni shimo. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yaache yanywee, kisha lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakikutwa yangalipo asubuhi inayofuata, karoti itakayopandwa hapo itaoza au itaota nywele, hata udongo wa juu ukiwa laini kama unga. Wakati wa kuchimba, sikiliza pia jembe. Likishuka vizuri halafu likalia kana kwamba limepiga sakafu, hilo ni tabaka gumu, na mara nyingi katika viwanja vya mjini ni njia ya mafundi na magari wakati nyumba ilipokuwa ikijengwa, pamoja na mabaki ya saruji na kokoto zao. Mabaki hayo yaondolewe kwa mkono. Hakuna dawa yake dukani.

Ununuzi unaopoteza fedha

Ushauri unaosikika zaidi mitaani ni huu: udongo ni wa mfinyanzi, basi changanya mchanga. Mwandishi wa somo hili aliufuata ushauri huo mwaka wake wa kwanza, akanunua mchanga wa mto, na mwisho wa msimu akawa na kitu kilichofanana na tofali bichi. Hesabu inaeleza sababu. Tuta la mita 1 kwa mita 5, lililochimbwa sentimita 25, lina ujazo wa lita 1,250. Debe 2 za mchanga ni lita 40, yaani takribani asilimia 3. Chembe chache za mchanga zikizungukwa na mfinyanzi hazifungui njia yoyote ya hewa wala maji. Zinafungwa ndani yake tu. Ili udongo ubadilike tabia kweli, mchanga ungepaswa kukaribia nusu ya ujazo wote, yaani debe 30 kwa tuta moja dogo. Asiyeweza kununua na kubeba kiasi hicho asinunue hata kidogo.

Majivu ya jikoni yana potasiamu, na kiganja kimoja kimoja kikinyunyizwa si vibaya katika udongo wenye uchachu. Lakini udongo mweusi wa mbuga mara nyingi tayari una chumvichumvi na ualkali, na majivu huuongezea. Karoti hupenda udongo wenye pH kati ya 6.0 na 6.8.

Samadi ndiyo yenye hadhari kubwa zaidi, kwa kuwa ndiyo mbolea nzuri kuliko zote na pia ndiyo inayoharibu karoti kuliko zote. Samadi isiyooza sawasawa huunguza ncha ya mzizi na kuufanya utoe matagaa na nywele. Mnunuzi anayeletewa mzigo wa toroli au gari aukague kabla ya kulipa. Aingize mkono hadi katikati ya lundo: likiwa na joto, bado linachachuka. Anuse: harufu kali inayochoma pua kama mkojo ni dalili ile ile. Atazame: nyasi na makapi yanayotambulika kwa umbo lake hayajawa mboji. Penye shaka, achukue konzi moja, ailowanishe, aifunge katika mfuko wa plastiki kwa siku 3 ndani ya nyumba. Ukifunguliwa mfuko na ukatoa harufu ya udongo wa msituni baada ya mvua, mzigo uko tayari; ukitoa uvundo, haujawa. Mwenye nafasi aununue hivyo hivyo kwa bei ya chini, aufunike kwa majani ya migomba na kuungoja miezi kadhaa. Asiye na nafasi asiununue.

Iko njia ya tatu, ambayo wazee wengi wa bustani huifuata bila kuitaja. Samadi hutiwa kwa kabichi au mchicha, ambazo huvumilia na kufurahia mbolea nzito, na karoti hupandwa msimu unaofuata mahali pale pale. Mbolea imelipiwa mara moja na imelisha mazao mawili, na kufikia zamu ya karoti ukali wake umekwisha.

Tuta

Katika udongo mzito, njia iliyo rahisi kuliko kushuka chini ni kupanda juu. Tuta liinuliwe sentimita 20 hadi 30 kutoka usawa wa njia, na upana wake usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande na pasiwe na sababu ya mtu yeyote kulikanyaga. Hili la kutokanyaga si la mapambo. Mguu mmoja wa mtu mzima juu ya mfinyanzi uliolowa huondoa kazi ya nusu siku.

Siku ya kuchimba nayo huchaguliwa. Mfinyanzi ukichimbwa ukiwa umelowa hujiviringisha kuwa mabonge yatakayokauka kama mawe. Ukichimbwa ukiwa mkavu, sululu hutoa vipande na jembe hutoa cheche. Finyanga donge mkononi, kisha liachie lianguke kutoka usawa wa kiuno. Likisambaratika, chimba siku hiyo hiyo. Likibaki donge, ngoja. Katika udongo wa mbuga, nafasi hiyo baada ya mvua inaweza kuwa ya siku chache tu, na anayengoja mwisho wa wiki huenda akaikosa.

Juu ya tuta litandazwe tabaka la mboji iliyooza lenye unene wa sentimita 5, kisha lichanganywe na udongo hadi sentimita 25 kwenda chini. Kwa tuta la mita 1 kwa 5, tabaka hilo ni lita 250, yaani debe 12 na nusu. Mnunuzi aijue namba hiyo kabla ya kuongea na muuza samadi, maana neno “gari moja” lina maana nyingi. Baada ya kuchanganya, mabonge yavunjwe kwa reki, na kila kokoto inayozidi punje ya mahindi itolewe. Ni kazi ya kuchosha. Inapungua mwaka hadi mwaka, ila haiishi.

Aina na pakiti

Karoti ndefu zilizonyooka zinazopamba meza za sokoni Dar es Salaam, nyingi zikiwa zimeshuka kutoka nyanda za juu kama za Lushoto, zimekulia katika hewa ya ubaridi na udongo uliokwisha kulainishwa kwa kilimo cha muda mrefu. Picha yake juu ya pakiti haiahidi kitu kwa mwenye mfinyanzi. Aina za jamii ya Nantes, zenye umbo la bomba na urefu wa sentimita 15 hadi 18, ni tamu sana lakini zinahitaji udongo mwepesi hadi chini. Jamii ya Chantenay ni nene mabegani na huchongoka kuelekea chini, nayo hujisukumia nafasi katika udongo mzito vizuri zaidi. Fupi kuliko hizo ni Oxheart, na ziko za mviringo kama figili, ziitwazo Paris Market, ambazo zinafaa hata katika ndoo. Kwa wakazi wa pwani na mabonde yenye joto, aina za jamii ya Kuroda, zilizotoka Japani, huvumilia joto kuliko Nantes. Hata hivyo karoti hupata rangi na utamu wake bora penye nyuzi 16 hadi 21 za Selsiasi. Kwa hiyo mkazi wa pwani apande kwa kulenga miezi ya Juni hadi Agosti, na asishangae ikiwa zitapauka kidogo.

Msomaji anunue kiasi gani? Gramu moja ya mbegu za karoti ina mbegu kati ya 700 na 1,000. Tuta letu la mita 1 kwa 5 linahitaji gramu 2 hadi 3 tu. Kopo kubwa, hata likiwa na punguzo la bei, ni hasara kwa bustani ya nyumbani, kwa sababu mbegu ya karoti haidumu: hata ikihifadhiwa pakavu na penye baridi, nguvu yake hushuka sana baada ya miaka 3 hivi, na katika kabati ya jikoni penye mvuke hushuka mapema zaidi.

Nchini Tanzania, ubora wa mbegu zinazouzwa husimamiwa na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Pakiti inunuliwe ikiwa imefungwa na mfungaji mwenyewe, yenye lebo, jina la aina, namba ya loti na tarehe. Mbegu zinazopimwa kwa kijiko kutoka kopo lililofunguliwa huweza kuwa nzuri, lakini hazina uthibitisho wowote atakaoushika mnunuzi mkononi zikishindwa kuota. Pakiti ikae mbali na dirisha la duka lenye jua. Iliyopauka rangi imekaa juani siku nyingi, na mbegu zilizomo zimekaa nayo.

Kabla ya kupanda zote, hesabu mbegu 20, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, na ukifungue baada ya siku 10. Zikiota 14 au zaidi, panda kwa amani. Zikiota chini ya 10, rudi dukani na pakiti pamoja na risiti, hata kama muda wa matumizi haujapita.

Kupanda

Mbegu hufukiwa sentimita 1 tu, katika mistari iliyoachana sentimita 20 hadi 30. Zichanganywe na konzi ya mchanga mkavu ili zisiangukie mahali pamoja. Huo ndio mchanga pekee tunaoushauri. Na hapa kuna jambo dogo lenye faida kubwa katika udongo mzito: mbegu isifunikwe kwa mfinyanzi ule ule. Mvua ya kwanza au maji ya keni yakiupiga, hufanya gamba gumu kama kigae, na mche wa karoti hauna nguvu ya kulivunja. Ifunikwe kwa mboji iliyochekechwa.

Karoti huota polepole, kati ya siku 7 na 21 kulingana na joto na unyevu, na katika muda huo wote uso wa tuta usikauke hata mara moja. Tandaza nyasi kavu au gunia lililoloweshwa, na chungulia kila jioni kuanzia siku ya sita. Vichipukizi vya kwanza vikionekana, ondoa kifuniko jioni hiyo hiyo.

Miche ikifikia urefu wa kidole, ipunguzwe hadi ibaki sentimita 5 hadi 8 kati ya mche na mche. Wengi huona huruma wakaiacha yote, kisha wakavuna majani. Mwagilia kwanza ndipo ung'oe, ili jirani asitikiswe.

Kwa mwenye maweni au kiwanja cha kokoto, ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, ikijazwa mchanganyiko wa udongo mwepesi na mboji, huchukua karoti fupi 12 hadi 15. Gunia nalo hufaa. Vyote viwili hukauka upesi, na siku za jua huhitaji maji kila siku.

Kuisoma karoti iliyong'olewa

Karoti ikitoka ardhini huwa imebeba maelezo ya makosa yake, na mnunuzi anayetaka kulalamika aisome kwanza. Miguu miwili au mitatu yenye ngozi safi ni kokoto, bonge, tabaka gumu au samadi mbichi. Muuza mbegu hahusiki. Vinundu vidogo kama shanga kwenye mizizi, pamoja na matagaa, ni minyoo fundo, ambao hupenda sana udongo wa kichanga wenye joto; mahali hapo pasipandwe karoti, nyanya wala bamia kwa misimu kadhaa, na afisa ugani wa kata aonyeshwe mzizi wenyewe. Nywele nyingi mwili mzima ni maji yaliyotuama au mbolea mbichi. Ufa wa kwenda wima ni kiu ndefu iliyofuatwa na maji mengi ghafla. Mabega ya kijani ni jua: udongo ulisogea na haukurudishwa.

Kasoro zinazoielekea mbegu ni chache, nazo ni tatu hasa. Ya kwanza ni kutoota, ikiwa unyevu ulitunzwa. Ya pili ni mchanganyiko wa maumbo na rangi, nyeupe na chungwa, ndefu na za mviringo, katika tuta moja lililopandwa pakiti moja. Ya tatu ni sehemu kubwa ya mimea kutoa maua katika msimu wa kwanza. Karoti kwa asili huchanua mwaka wa pili, baada ya kupitia baridi, na kuwahi hivyo huweza kuonyesha aina isiyofaa mahali hapo au mbegu isiyo safi. Kwa kasoro hizi, tunza pakiti tupu yenye namba ya loti, risiti ya kielektroniki, mbegu zilizobaki kama zipo, na picha za tuta zenye tarehe. Anza na duka. Duka likikataa, peleka vielelezo hivyo kwa afisa ugani, ambaye atakuelekeza kwa TOSCI. Malalamiko yasiyo na namba ya loti ni magumu kufuatiliwa, hata yakiwa ya kweli.

Mwisho kuna suala la bei. Tuta la mita 5 za mraba lililoandaliwa vizuri likitoa kilo 10 hadi 15 za karoti, limefanya kazi nzuri. Zidisha kilo hizo kwa bei ya sokoni kwako, kisha toa mboji, mbegu na maji. Katika udongo mweusi wa mbuga, msimu wa kwanza huenda hesabu ikatoka sifuri au chini yake, na si aibu kwa kaya kuamua kununua karoti na kupanda mchicha badala yake. Atakayeendelea atagundua msimu wa pili kuwa mboji ile ingali ndani ya tuta na kuwa jembe linashuka zaidi kuliko mwaka jana. Hapo gharama hubakia mbegu na nusu ya mboji. Zile za miguu miwili zisitupwe. Ukosefu wake ni wa umbo tu, na zikikatwakatwa kwa pilau au mchuzi hakuna mlaji atakayezitambua. Osha kwa brashi kwenye mapaja, ambako udongo hujificha.